Kutoa Gia Mteremkoni

Ni mimi niliyewaambia madereva watoe gia wakiteremka mlima. Nilikana kwa mwezi mzima, na mwezi ni mrefu ukimpita kila asubuhi mtu uliyemkana, ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, kofia mapajani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mzungu aliyefundisha madereva wa kampuni yetu ya malori pale Kakamega alifunga virago akarudi kwao, na kiti chake kikatafutiwa Mwafrika mwenye digrii. Mimi nilikuwa nayo, ya uchumi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha gari, nami sikuona sababu ya kuwachosha kwa habari ambazo hawakuziomba. Hata baiskeli sikuijua.

Kazi ilikuwa kuwafundisha wanaume kumi na wawili kuendesha kwa usalama na kubana dizeli. Kila Jumamosi tulitumbukiza kijiti chenye alama kwenye tangi la kila lori, na aliyetumia kidogo kuliko wenzake alipewa mfuko wa sukari. Nikachora mlima ubaoni. Nikaeleza kwamba injini isiyovuta mzigo hunywa kidogo. Basi mkifika kileleni toeni gia, lori lishuke lenyewe.

Dereva mkongwe kuliko wote, aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, akainua mkono.

"Mwalimu, gari yenye mzigo tunashikanga na gia. Breki peke yake inachoka."

"Hayo ni mazoea, mzee. Hii ni hesabu."

"Mzee, kwani wewe digrii yako ulisomea Butere?" mwenzake akamtania, na darasa zima likacheka.

Mzee naye akacheka, kisha akayaandika maneno yangu daftarini kwa penseli. Siku zile msomi akisema, watu waliandika.

Juma la tatu, akipeleka mahindi kwenye stesheni ya Butere, alitoa gia kama nilivyofundisha. Breki zikapata moto, zikaacha kushika. Akalielekeza lori kwenye shamba la viazi vitamu. Magunia yalimwagika yote, lakini hakuna aliyeumia. Meneja, aliyekuwa Kisumu, akamsimamisha kazi na kuniagiza niandike ripoti. Ikisema ni uzembe wake, angefutwa.

"Mimi nilifuata mwalimu," alimwambia karani mbele yangu.

"Sikusema hivyo," nikasema. "Hakunielewa."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani anapodanganya, ukaona aibu kwa niaba yake. Wenzake hawakumtetea. Wote walikuwa wakitoa gia, na baadhi yao sukari walikwisha kuinywea chai.

Ripoti niliiandika mara tano. Kila mara lugha ilizidi kunyooka na ukweli ukazidi kupungua. Ndipo asubuhi moja mzee akainuka kwenye benchi, akanipa lile daftari. Nilidhani amekuja kunionyesha silaha yake kabla ya kuipeleka kwa meneja.

"Kaa nalo, mwalimu. Wakiliona watakufukuza, na wewe bado mdogo."

Niliingia ofisini nikainua simu. Ilipitia kwa mama wa swichibodi pale posta, ambaye mji mzima ulijua kwamba husikiliza. Nikamwomba Kisumu.

"Ni mimi niliyewafundisha kutoa gia," nikamwambia meneja. "Mzee alinionya. Daftari lake ninalo hapa."

Akauliza: "Kwani wewe, binti, umewahi kuendesha lori?"

"Hapana, bwana."

"Gari dogo?"

"Hapana."

Nilimsikia mama wa swichibodi akivuta pumzi.

"Basi mzee arudi kazini kesho," meneja akasema, "na darasa ni lake. Wewe utakaa dawati la mbele. Siku utakayojua kuteremsha lori, yeye ndiye atakayenipigia simu."