Pampu Mpya ya Fiston

Kwa nini mtu akae kwenye kiti kutwa nzima akimlinda fundi asimwibie, kisha jioni apande gari lilelile na kushuka mteremko kwa breki zilizofungwa na mwizi huyohuyo? Nilikuwa na miaka kumi, na swali hilo lilinikera kila nilipotoka shule na kupitia gereji ya baba kule mtaani Mabanga. Palinuka petroli, grisi na vumbi jeusi la mawe ya volkano, na katikati ya harufu hiyo kulikuwa daima na kiti cha plastiki chenye mteja juu yake. Ndivyo desturi ilivyokuwa: mwenye gari huleta vipuri vyake mwenyewe, hukaa kuvitazama vikifungwa, na vile vya zamani hurudishwa mkononi mwake ndani ya mfuko. Baba hakuona tusi katika jambo hilo. Mimi niliona.

Kiangazi kile, kiti kilikuwa cha Fiston, kijana wa mtaa wa Keshero aliyeshindana na wenzake kwa magari kila Jumapili mchana, kwenye lami iliyonyooka nje ya mji. Alikuwa amepata, kupitia mpaka wa Bunagana, mtungi wa oksidi ya nitrasi, gesi inayopulizwa ndani ya injini ili gari liruke mbele ghafla. Alitaka ufungwe siku hiyohiyo. Baba alikataa. Alieleza kwamba gesi hiyo huleta hewa ya kuchomea, na hewa ikizidi bila petroli nayo kuzidi, moto ndani ya injini huwa mkali hata chuma kikayeyuka.

"Papa Furaha, uko unaogopa bonbonne? Ni bombe?" Fiston alimcheka mbele ya mafundi wa jirani, akiupiga mtungi kofi.

"Naogopa moteur yako itayeyuka, mutoto wangu. Ukimuongezea mutu kazi, umuongezee na chakula. Lete kwanza pompe ya petroli ya nguvu na injekta kubwa za kuipuliza. Gaz itangoja."

Fiston alinuna, lakini wiki mbili baadaye alivileta vyote, vipya, kwenye maboksi. Baba alishusha tangi, akatoa pampu ndogo ya zamani, akaitia ndani ya mfuko na kumkabidhi, kisha akafunga ile kubwa, injekta, na mwisho mtungi wa gesi. Kazi ilichukua siku mbili. Katika siku hizo mbili Fiston aliondoka kitini mara moja tu, kwenda kununua mishikaki.

Jumapili gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Baba aliifungua injini mbele ya watu. Pistoni moja ilikuwa na tundu, kingo zake zimeyeyuka kama nta. Petroli haikutosha, alisema baba mwenyewe, kwa sauti ya mtu asiyeelewa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Ukweli huo alioutoa bure ndio walioushika kummaliza nao.

"Haikutosha juu ulikamata pompe yangu!" Fiston akafoka. "Nilienda kukula, weye ukaweka ya zamani ya mutu mwingine."

Nikasema wafungue tangi, waangalie. Wakafungua. Namba ya pampu ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye boksi alilokuwa nalo Fiston. Nilidhani yameisha. "Fundi anajua kugonga numero juu ya pompe yoyote," mtu mmoja akasema kutoka nyuma, na watu wazima, wenye akili zao, wakaitikia kwa vichwa. Nikauliza: kama hata namba si ushahidi, ushahidi ni nini? Mama mmoja muuza maandazi akanivuta sikio. "Wee mutoto, bakubwa banasema." Walinishinda kwa umri tu.

Kabla mvua hazijarudi, kile kiti kilikuwa kitupu. Baba aliacha magari akaenda kutengeneza pikipiki kwenye gereji ya mtu mwingine, ambako mwenye gereji alitia kufuli kwenye sanduku la vifaa kila baba alipoingia. Mwenye gereji huyo aliyafanya hayo mbele yangu, akitabasamu, akiniuliza habari za shule.

Leo viti bado vipo Mabanga, na wateja siku hizi hurekodi kazi kwa simu pia. Hata wenzangu wa chuo, wanaodai uthibitisho wa kila kitu darasani, wakifika gereji husema mafundi ni wezi na hawadai chochote. Mimi nilisomea umeme nikiwa nimeapa kuonyesha kwamba baba hakuiba wala hakukosea. Mwaka jana nilimuuliza pampu ile aliipelekea umeme kwa njia gani.

"Nilirudisha nyaya zilezile," alijibu bila kusita. "Zilikuwa bado nzuri."

Pampu kubwa hunywa umeme mwingi kuliko nyaya nyembamba za pampu ndogo zinavyoweza kubeba. Inataka waya mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Bila huo, gari likikanyagwa mpaka mwisho, pampu huishiwa nguvu na petroli hupungua, hata pampu iwe mpya, hata aliyeifunga awe mtu mwaminifu kuliko wote mjini.