Shingo Niliyomkazia Kokoo

Ukitaka kunirudisha utotoni usinionyeshe picha. Nipeleke tu mahali upepo unapita kwenye migunga mifupi ya Isinya, ile yenye vifundo vyeusi ambavyo sisimizi wametoboa wakafanya nyumba. Upepo ukiingia kwenye vile vitundu, mti unapiga mluzi. Na si mti mmoja, ni mamia, nyanda nzima inapiga mluzi mwembamba kama mtu anayechunga huku mawazo yake yako kwingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo nchi inavyopumua. Hata leo nikisinzia mchana, na uzee umenizoesha kusinzia bila kuomba ruhusa, nausikia ule mluzi, naona vumbi jeupe limesimama kwenye jua, na mama yangu anapita ndani yake na tumbo lake kubwa, polepole, kama mtu anayevuka mto.

Sisi kwa asili si watu wa huko. Wazazi wangu walitoka Murang'a. Baba alikuwa fundi wa mawe, akafuata kazi, na mzee mmoja Mmaasai akatuonyesha mahali pa kujenga kando ya boma lake. Huyo mzee alifariki, akabaki mjane wake, ambaye kila mtu alimwita Kokoo, ndiyo kusema nyanya. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo nikipotea njia katika kusimulia mnisamehe, nitarudi. Kila asubuhi nilitumwa kwa Kokoo na kibuyu kuchukua maziwa. Yalikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu vibuyu vyao husafishwa kwa kijinga cha moto, na mpaka leo maziwa ya pakiti naona kama maji yaliyopakwa chokaa. Lakini kabla ya maziwa kulikuwa na desturi. Mtoto wa huko hampi mkubwa mkono. Anakwenda mbele yake, anainamisha kichwa, anangoja, na mkubwa anaweka kiganja juu ya utosi. Ndipo mnaongea. Kiganja cha Kokoo kilikuwa kizito, kikavu, kinanuka ugoro na mafuta ya kondoo. Wakati mwingine alinitemea mate kidogo kwenye paji la uso, akilitaja jina la Enkai, ndiye Mungu kwa Kimaasai. Hiyo kwao ni baraka, tena kubwa.

Mwaka mama alipokuwa na mimba ya ndugu yangu, akaokoka. Kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, akaenda akiwa mtu mmoja, akarudi mwingine. Alitoa herini masikioni. Redio ya baba ikapewa mtu wa mbali, na baba akakaa wiki nzima akiangalia rafu ilipokuwa inakaa kama mtu aliyefiwa. Mama akasema sisi tumetoka duniani, na tusirudi tena. Sasa hapo mimi nikachanganyikiwa. Mama alikuwa na kawaida ya kunyoosha kidole upande wa Kitengela, ambako baba alifanya kazi na wakati mwingine akarudi akinuka pombe, na kusema, "Baba yako ako huko duniani." Basi nikajua Dunia ni jina lingine la Kitengela. Nilipoambiwa tusiipende dunia niliona ni rahisi, sikuwa nimefika huko hata siku moja.

Kilichokuwa kigumu ni hiki kingine. Mama alinisimamisha mlangoni na kibuyu changu, akaniambia watu waliookoka hawainamii mwanadamu. Nikifika kwa Kokoo nisimame wima, niseme habari ya asubuhi, nichukue maziwa, nirudi. Nilimtii. Nilikuwa nampenda Mungu, nisiwadanganye, nilimpenda vile mtoto anampenda baba aliye safarini, na niliogopa sana kwamba siku moja mama ataenda mbinguni mimi niachwe.

Asubuhi ya kwanza mkono wa Kokoo ulibaki hewani. Akaniangalia kutoka chini hadi juu. "Wewe iko na nini kwa shingo?" akaniuliza. "Umemeza rungu?" Wakwe zake, wale wake za wanawe, wakacheka, na mimi nikaikaza hiyo shingo zaidi. Siku ya pili akanitania tena. Siku ya nne hakutania. Alijaza kibuyu, akakiweka chini nikiokote mwenyewe, akageuka. Mimi nilidhani amezoea. Kumbe kwao mtoto akinyima kichwa chake, si yeye anayenyima, ametumwa na nyumba yao. Kuna neno kati ya nyumba mbili. Kokoo alikuwa anangoja mama aje aliseme hilo neno. Mama naye aliona huo ukimya ni Mungu anatutenga na mambo ya kale, kama alivyoomba. Wakawa wanawake wawili wanaishi umbali wa kutupa jiwe, kila mmoja anangoja, na katikati yao natembea mimi na kibuyu.

Uchungu ulimshika mama mchana, siku nyingi kabla ya wakati. Mpango ulikuwa baba arudi ampeleke hospitali ya Kajiado. Baba alikuwa duniani, nyanya zangu Murang'a, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni ameshika mguu wa kitanda, midomo imekuwa myeupe. Akaniambia maneno mawili tu, mwite Kokoo. Huyo mama mzee ndiye alizalisha wanawake wa sehemu hiyo yote. Nikakimbia.

Kokoo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuinuka.

"Nyumba yenu iko na neno na mimi," akasema. "Siwezi ingia kutoa mtoto na neno iko ndani. Mtoto atashikwa." Kisha akasema, "Walikutuma na shingo. Leo wamekutuma na nini?"

Jamani, mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Mama hakuwa amenituma na kitu. Nikaona nikiinama nimemkosea Mungu na nitachomwa, nisipoinama mama anakufa pale sakafuni. Watu husema shingo haipiti kichwa, lakini siku hiyo yangu ilikuwa imepita kila kitu. Miti ilikuwa inapiga mluzi. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu naona miguu ya Kokoo, akala zake za mpira, na kucha moja iliyopasuka, ndiyo nikajua nimeinama. Nikangoja. Hakuna kungoja kumewahi kunichukua muda kama huko. Kisha kile kiganja kikashuka. Nilipoinua macho alikuwa tayari ameshapita lango la miiba, anawaita wakwe zake wamfuate na maji.

Ndugu yangu alizaliwa kabla kivuli hakijageuka. Mimi nilikaa nje nikiwasikia, mama analia kwa Kikuyu, Ngai, Ngai, na Kokoo anaitikia Enkai, na kwa masikio ya mtoto lilikuwa jina moja linavutwa huku na huku kama ng'ombe wa wenyewe wawili.

Lakini siku tatu sikuweza kula. Waliookoka walikuwa na desturi yao pia, dhambi inawekwa nuruni, haifichwi. Nikamwambia mama, akiwa ananyonyesha. Akaniuliza mara mbili, niliinamia nani. Hakunigombeza. Alimhamishia mtoto titi la pili, akasema, "Mungu hakuniambia nikukataze. Niliona tu haya ya yale mate." Akasema nimletee leso.

Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa Kokoo, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa. Sasa, mwanamke mzima aliyezaa haamkii mwenzake hivyo, hiyo ni ya watoto, wakubwa wanapeana mkono. Mama hakujua. Kokoo alicheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Wewe ni mtoto ya nani sasa?"

"Wa Mungu," mama akasema, kichwa bado kiko chini. "Lakini guza tu."

Kokoo akagusa.

Msidhani mama alirudi nyuma. Redio haikurudi. Kokoo alipotaka kumfunga mtoto shanga mkononi, mama alikataa, na Kokoo akanung'unika wee, akamtemea mtoto mate kwenye paji, na hapo mama akafumba macho tu akaacha. Alikaa kwenye wokovu huo mpaka tukamzika. Hata mimi nimeokoka, na sichezei jina la Mungu. Ila nilijifunza mapema kwamba si kila kitu kinachotuaibisha Mungu amekikataza.

Siku hizi naishi Kitengela, yaani nimehamia duniani nikiwa mzee. Ni maghorofa na kuta za mawe zenye vioo juu, na kila mtu ana lango lake. Mwaka jana mjukuu wangu alishikwa na uchungu mchana, mume wake ako Kimana kwa mashamba ya nyanya. Mtoto yuko salama, anatambaa sasa, nisiwatie wasiwasi. Lakini saa hiyo nilikumbuka nyumba ya pili wana gari. Miaka minne tumekaa hapo, naona paa lao na wao wanaona letu. Nikatoka na patipati miguuni nikagonga geti. Askari akafungua kile kidirisha kidogo, akaniita nyanya kwa Kikuyu.

"Unatafuta nani, cucu?"

"Jirani," nikasema.

"Jirani nani?"

Nikafungua mdomo, na jina sikuwa nalo.