Mvua Iliyobeba Lawama

Harufu ya betri zilizopashwa moto kando ya jiko naijua hadi leo: chuma, majivu na kitu kama dawa. Masika yale pale kijijini kwetu Yakobi hatukuliona jua kwa wiki nzima. Betri za redio zilizochoka, ambazo kiangazi tulizianika uani zipate nguvu kidogo, sasa zilipangwa karibu na kuni pamoja na soksi zetu. Bibi, mama yake mama, alikuwa mgonjwa sana huko Makete, na simu hatukuwa nayo. Kila siku saa kumi mama aliacha viazi shambani, akaja na tope miguuni kusikiliza matangazo ya vifo, kisha akarudi akimshukuru Mungu kwamba jina halikutajwa.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi, shule zimefungwa, na nilipenda kwaya kupita kiasi. Wazazi wakienda shambani niliifungulia redio tangu asubuhi mpaka mchana, nikacheza peke yangu. Jumanne moja mvua ilishuka kwa hasira juu ya bati. Mama alitega sikio kwenye spika. Redio ikanong'ona, ikakwaruza, ikazima. "Mvua hii imekula mawimbi," baba akasema. Mimi sikusema uongo, nilinyamaza tu.

Siku ya nne jirani aliyetoka stendi ya Njombe alipiga hodi. "Kamwene, mama. Pole na msiba."

"Msiba wa nani?" mama akauliza.

Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama hakuweka hata udongo kaburini, na ndugu zake wakasema ameolewa, amesahau kwao. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Sasa naishi Lyamkena, Makambako. Mwaka jana fundi alikuja kurekebisha dishi la televisheni, akanieleza kwamba mvua kubwa hulikatia mawimbi kweli. Nikamuuliza habari za redio yetu ya zamani. "Ile? Mvua haiiwezi, dada. Radi huikwaruza tu. Ikizima, hapo ni betri." Nilimmiminia chai, yangu ikanishinda.

Mama anaishi nami. Siku hizi msiba wa Makete hutufikia kwa simu papo hapo, hata mvua ikinyesha. Lakini bati likianza kupigwa, husonya: "Ndiyo hii iliyoninyima kumzika mama yangu." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yangu nimeitembea miaka thelathini, na nimechoka. Kila mara naapa leo nitasema. Kisha namtazama, mzee aliyekwisha kuwasamehe ndugu zake wote, akabakiwa na mvua tu ya kuilaumu, nami namjibu, "Ndiyo, mama."