Madaftari ya Maji ya Bandarini

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ofisi moja ya mambo ya bahari, Mji Mkongwe. Kompyuta yetu ilikuwa moja tu, nikiifunika kitambaa utadhani bi harusi. Kazi yangu ilikuwa kuingiza humo madaftari ya Bi mmoja wa Michenzani, aliyepima maji ya bandarini kila siku, asubuhi na mchana, jua, mvua, hata alipokuwa mja mzito: yamefika alama gani kwenye nguzo, yana joto gani. Mtaalamu wetu alikuwa akiijenga upya bahari ya miaka iliyopita, kujaa kwake na kupwa kwake, kwa hesabu za kompyuta, na vipimo vya Bi ndivyo vingeonesha kama hesabu zinasema kweli.

Basi hesabu na madaftari vikagombana. Kompyuta ikisema maji yamejaa, Bi kaandika yamepwa. Mtaalamu akasema madaftari hayafai, tuyatupilie mbali yote. Miaka kumi na mbili ya mtu! Roho iliniuma, ingawa nami nshaanza kumshuku Bi.

Bi akaitwa ofisini. "Bi," mtaalamu akasema, "hapa umepima saa nane za usiku..."

"Saa nane za usiku?" Bi akaruka. "Mie, mke wa mtu, nende bandarini saa nane za usiku kutafuta nini? Astaghfirullah! Nimeandika saa mbili, asubuhi, nshakunywa chai yangu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye kaandika saa zetu, na mie, mzawa wa Unguja, nikaiingiza mbili vilevile kwenye mashine inayohesabu kizungu. Tofauti ni saa sita, na kwa saa sita maji yaliyojaa huwa yashapwa. Nikamwomba radhi palepale.

"Na kusoma kote huko!" akanambia.

Nilisahihisha wiki nzima. Kwenye mchoro, vidoti vya vipimo vyake vikalala kwenye mstari wa hesabu za kompyuta, kimoja baada ya kimoja, nami nikaona fahari kama nimevipima mwenyewe. Mwanamke yule alikuwa hodari, wallahi. Kimoja tu kilikaa juu, mbali na mstari. Bi alipokuja kuona, mtaalamu akakinyooshea kalamu. "Hiki nikifute, Bi?"

"Thubutu! Siku ile maji yalinifika kiunoni. Mie nilikuwepo. Kompyuta yako ilikuwa wapi?"

Mtaalamu akakitazama kidoti kile, kisha akavuta kiti, akaanza upya hesabu zake.