Ripoti ya Mikahawa Iko Ng'ambo

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya kilimo mjini Nyeri. Mbele yangu alisimama mama mkulima kutoka Mukurweini. Watafiti wa serikali walikuwa wamejaribu dawa ya kuzuia kuoza kwa buni kwenye mikahawa ya shamba lake kwa misimu mitatu. Sasa alitaka kujua walichogundua.

“Ripoti iko,” karani akamwambia, “lakini ilichapishwa ng'ambo. Ukitaka kuisoma, lazima uagize na ulipe.”

“Ati nilipe? Na mikahawa ni yangu?”

Karani akainua mabega. Wakati huo mtafiti mwenyewe akatokea ofisi ya ndani. Mama alimtambua, akamshika mkono. Mtafiti akakiri kwamba wachapishaji walimpa nakala moja tu, na wakamkataza kuitoa fotokopi. Nilidhani nimesikia vibaya. Kazi hiyo ililipiwa na kodi yetu.

“Basi niambie na mdomo,” mama akasema. “Ile dawa ya buluu, niendelee kupiga?”

Mtafiti akatazama sakafu. “Wacha, mama. Huko kwenu haisaidii. Tulijua mwaka juzi.”

Mama akauachia ule mkono polepole. Tangu mwaka juzi amekuwa akibeba bomba la dawa mgongoni.

Basi, wenye mikahawa wa Mukurweini, dawa ya buluu haisaidii. Hiyo ndiyo ripoti yenu, na hamkuhitaji kuiagiza ng'ambo.