Mikonge Kumi na Mmoja ya Mzee Lupakisyo

Lupakisyo Mwakalinga alikata mkonge miaka kumi na minne, kisha akalisha korona, ile mashine ya kukamua majani, miaka mingine tisa. Kufikia mwaka 1975 kiwanda kilikuwa kimesimama na kazi iliyombakia ilikuwa kuwatembeza wageni. Hakulipwa. Wageni walipofika Kilosa, katibu wa kata alimtumia ujumbe, naye akashuka kutoka Mabwerebwere kwa miguu.

Matembezi yake yalichukua saa moja na nusu: stesheni, maghala ya kandokando ya reli, kiwanda, na mwisho kambi walimolala manamba, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali. Yeye mwenyewe aliletwa kutoka Rungwe. Hakueleza jambo ambalo hakuliona.

Jumamosi moja ya Septemba walikuja wanachuo kumi na wanne kutoka Morogoro, wakiongozwa na Stefano, ofisa ardhi. Lupakisyo alikuwa amemsubiri ofisa huyo wiki nzima. Jumatatu trekta lingefyeka eneo la nyuma ya kambi, kijiji kipya cha ujamaa kipate shamba la mahindi. Kwenye ramani eneo hilo liliandikwa "mkonge wa zamani". Yalikuwa makaburi. Mkewe, Anastazia, alizikwa humo mwaka 1961.

"Shikamoo, mzee," alisema Stefano pale stesheni.

"Marahaba. Leo tuanze na kambi."

"Hapana, mzee. Hawa wamekuja kuona mitambo. Na saa nane wanapanda treni."

Wakaanza na maghala. Lupakisyo alieleza kwa sentensi fupi, akitangulia kabla swali halijaisha. Kiwandani wanachuo walitawanyika, wakagusa minyororo iliyoshika kutu, wakapigana picha. Binti mmoja, Verdiana, aliutazama mkono wa kulia wa mzee, uliokuwa na vidole viwili.

"Babu, vingine viko wapi?"

"Sikuona. Nilizimia. Walioona walisema vilipita na maji ya makapi."

"Labda vilisokotwa kwenye kamba," alisema kijana mmoja. "Sasa hivi vinafunga meli Ulaya."

Wakacheka. Lupakisyo naye alicheka kidogo, kisha akamwuliza Stefano saa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Walipofika nyuma ya kambi, zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Mikonge ilisimama kwenye majani makavu, mingine imezeeka na kuanguka, machipukizi yake yameota palepale.

"Hapa ndipo tulipozikana," alisema mzee. "Mawe hatukuwa nayo, na mbao zililiwa na mchwa. Mtu akifa, tulimpandia mkonge kichwani. Ulikuwa haununuliwi, na jua haliuui."

"Mzee, huu si mkonge tu?" aliuliza Stefano.

"Ni mkonge. Lakini pima nafasi, ndugu. Shambani tulipanda mistari miwili miwili. Hapa, kati ya mche na mche, analala mtu."

Stefano alipima kwa hatua, mstari mmoja, kisha wa pili. Akavua kofia.

"Mbona hamkusema?"

"Mpimaji aliuliza hapa pameota nini. Tukamjibu."

Stefano akatoa daftari. Alieleza kwamba hawezi kulizuia trekta. Kaya mia mbili zilikuwa zimekwisha kuhamishwa na mvua haikuwa mbali. "Ila kaburi lenye jina naweza kuliandikia liachwe. Lisilo na jina, ofisini watasema ni mkonge. Nitajie."

Lupakisyo alianza na mkewe. Akamtaja Timotheo, aliyeangukiwa na troli. Mathayo wa Njombe. Petro na mwanawe. Kila alipotaja alikwenda kusimama kwenye mche, na Stefano akaandika. Alipofika wa kumi na moja aliacha kutaja. Mikonge ilikuwa sitini na mitatu.

Verdiana alimsogelea. "Babu, ongeza tu," alinong'ona. "Sema Yohana, sema Simoni. Nani atakwenda kuuliza?"

Mzee alitazama mche uliofuata. "Huyu nilimkuta ameshazikwa," alisema.

"Kwani lazima uwe ulimzika?"

"Jina la uongo nitampaje, binti yangu? Ana lake."

Stefano alisubiri, kalamu mkononi. Honi ya treni ikalia upande wa mto. Akafunga daftari, na wanachuo wakakimbia kuelekea stesheni.

Jumatatu asubuhi dereva wa trekta, Vitalis, alikuja na karatasi yenye majina kumi na moja. Kwa kuwa hakujua lipi ni la mche upi, Lupakisyo alitangulia mbele ya trekta akimwonyesha, na Vitalis akakata kona kila alipoonyeshwa. Walimaliza wale kumi na mmoja. Mzee akaenda kusimama kwenye mche mwingine.

Vitalis alilisimamisha trekta, akaangalia karatasi yake. "Huyu naye nani, mzee?"

"Simjui."

Injini ilinguruma. Vitalis hakumharakisha, alishuka, akavuta sigara yake hadi mwisho, akapanda tena.

"Mzee?"

Lupakisyo akasogea kando.