Betri ya Trekta

Jamani, mimi ndiye niliyekuwa nikijiita daktari wa redio pale Nyaramba. Mama Ombati, ambaye mwanawe alikuwa Mombasa mwaka wa nne bila barua, aliniletea redio iliyokufa. Nikaiunda upya kwa vipuri vya redio tatu mbovu, kisha nikaifunga kwenye betri ya trekta. Niliwaza, ng'ombe mwenye nguvu ndiye hulima vizuri.

Jumapili majirani wakajaa kwake kusikiliza kipindi cha salamu. Mtangazaji akasikika wazi: "Ombati, aliyeko Mombasa, anamsalimu mama yake huko Nyaramba. Anasema..."

Moshi ukafuka. Kimya.

Mwalimu jirani akaigeuza redio, akasoma mgongoni: "Volti sita. Fundi, wewe umeipa kumi na mbili!"

Mama Ombati hakumsikiliza. Alinishika mkono.

"Mwanangu, anasema nini?"